Mashindano ya Wanafunzi na Kipimo cha Umeme

Kila mtu akaaye Kolwezi azijua nguzo za chuma zitokazo upande wa kaskazini-magharibi, zikichukua nyaya za umeme wa Inga. Njia hiyo ya umeme ilimalizika mwaka 1982, nayo ina urefu wa kilometa 1,700 hivi. Ilipomalizika, hapakuwa na njia ya umeme duniani iliyoishinda kwa urefu. Mwisho wake ni Kolwezi. Walakini mtu wa Kolwezi aujua pia mshumaa, na taa ndogo ya jua, na simu iliyozimika kwa kukosa umeme. Hapo ambapo njia kubwa yakomea, nyumba nyingi hulala gizani.

Basi leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaeleza habari za mashindano ambayo wengi wetu hawajayasikia. Ni mashindano ya wanafunzi. Hawashindani kwa mpira, wala kwa kuimba, wala kwa mbio. Hushindana kuunganisha kompyuta nyingi ziwe kama moja, kisha kuzifanyisha kazi ngumu za hesabu kwa umeme waliopimiwa. Atoaye kazi nyingi kwa kipimo kile kile cha umeme ndiye mshindi, hata kama mashine ya jirani yake ni kubwa zaidi. Tukiifuata historia ya mashindano hayo, tutaona ya kuwa yatuhusu sisi watu wa nchi ya shaba kuliko tulivyodhani.

UMEME WA MTO LUALABA

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo yenyewe iliundwa mwaka 1906. Shaba haipatikani kwa sururu tu. Mawe yapaswa kusagwa na kuoshwa, na shaba safi hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji yenye tindikali. Kazi hizo zote hula umeme. Ndiyo maana kampuni iliugeukia mto Lualaba. Mwaka 1952 kituo cha Nzilo, karibu na Kolwezi, kilianza kazi. Wakati ule kiliitwa Delcommune, na uwezo wake ni megawati 108. Mwaka 1956 kikafuata kituo cha Nseke, kilichoitwa Le Marinel, chenye megawati 248. Umeme huo ulitosha hata kuvuka mpaka: migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa, iliununua tangu mwaka 1956, mpaka bwawa la Kariba lilipokuwa tayari.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mitambo ya zamani imechakaa, migodi imeongezeka, na katika miaka ya 2010 na 2020 makampuni ya Lualaba yamenunua umeme kutoka Zambia ile ile iliyokuwa ikinunua kwetu. Bwawa jipya la Busanga, lenye megawati 240, limejengwa juu ya Lualaba katika miaka hii, lakini sehemu kubwa ya umeme wake ni kwa kazi ya migodi. Katika nchi nzima ya Kongo, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye apataye umeme nyumbani kwake.

Tumeyataja hayo kwa sababu moja. Umeme una mwisho wake. Wati itumikayo hapa haitumiki pale. Watu wa Kolwezi wamelijifunza jambo hili kwa kukaa gizani. Mafundi wa kompyuta nao walilijifunza, ila walichukua muda mrefu zaidi.

MASHINE ZENYE NJAA

Kompyuta iitwayo ENIAC ilionyeshwa kwa watu mwaka 1946 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, za namna ile iliyotumika katika redio za zamani. Uzito wake ulikuwa tani 30 hivi, nayo ilikula kilowati 150 hivi. Kwa umeme huo wote iliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde moja. Watu walistaajabu, na walikuwa na haki, maana kabla yake kazi hiyo ilifanywa na makarani wengi kwa siku nyingi.

Baadaye valvu ziliachwa, zikaja transista, kisha vipande vidogo vya silikoni vyenye transista maelfu na baadaye mamilioni. Kompyuta moja moja ikawa ndogo, ikala umeme mchache. Lakini wataalamu hawakuridhika na moja. Walizikusanya kwa mamia na kwa maelfu ili wapige hesabu za hali ya hewa, za silaha, za nyota na za dawa. Mwishoni mwa mwaka 1996 mashine ya ASCI Red, iliyowekwa Sandia katika New Mexico, ilikuwa ya kwanza duniani kupita hesabu trilioni 1 kwa sekunde, yaani milioni mara milioni. Ndani yake mlikuwa na prosesa zaidi ya 9,000. Ilikula kilowati 850 hivi, mbali na umeme wa kuipoza. Hata leo ukubwa wa mashine hizo waongezeka: ile ya Frontier, iliyoanza mwaka 2022 huko Oak Ridge, Marekani, yahitaji megawati 21 hivi. Hiyo ni karibu sehemu moja katika tano ya uwezo wote wa Nzilo, kwa mashine moja tu.

Hapa shaba yaingia katika habari yetu. Mpaka miaka ya 1990 nyaya nyembamba mno zilizomo ndani ya vipande vya silikoni zilikuwa za alumini. Mwezi wa Septemba 1997 kampuni ya IBM ilitangaza ya kuwa imepata njia ya kutumia shaba mahali pa alumini. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Ukinzani wake ni pungufu kwa asilimia 40 hivi. Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu shaba hupenya ndani ya silikoni na kuiharibu, hata ikawa lazima kila waya uzungushiwe ukuta mwembamba wa kuuzuia. Lakini faida ilikuwa kubwa. Umeme usiozuiwa njiani haugeuki kuwa joto la bure.

Hatusemi ya kuwa shaba ya kipande fulani ilitoka Musonoi au Kamoto. Shaba ya nchi zote huchanganyika sokoni, wala hakuna awezaye kuitambua. Twasema tu ya kuwa madini yale yale yapitayo mbele yetu kwa malori ndiyo yaliyosaidia mashine hizo kupunguza njaa yao. Tena kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima huchimbwa Kongo, imo katika betri nyingi za simu na za kompyuta za kuchukua mkononi.

KUNDI NA KAPITA WAKE

Sasa yatupasa kueleza maana ya kuunganisha kompyuta. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thomas Sterling na Donald Becker, wakifanya kazi katika kituo cha NASA kiitwacho Goddard, waliona ya kuwa mashine kubwa zilizotengenezwa makusudi zilikuwa ghali mno. Wakachukua kompyuta 16 za kawaida, za namna iliyouzwa madukani, wakaziunganisha kwa nyaya na kwa programu isiyolipiwa. Kundi hilo waliliita Beowulf. Tangu hapo mtindo huo ulienea duniani pote.

Mtu wa migodini ataelewa upesi jinsi kundi hilo lifanyavyo kazi. Kompyuta moja ni kapita. Hupokea kazi, huigawa vipande, humpa kila mfanyakazi kipande chake, kisha hukusanya majibu. Wafanyakazi wakiwa na hodari na kapita akigawa sawasawa, kazi huenda mbio. Lakini kapita akimpa mmoja mzigo mkubwa na mwingine mdogo, yule wa pili atasimama akingoja, na wakati akingoja bado anakula umeme. Tena wakipoteza muda mwingi kuulizana habari kuliko kuchimba, ni afadhali wangekuwa wachache.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1967 mtaalamu Gene Amdahl alionyesha ya kuwa kila kazi ina sehemu isiyogawanyika. Tuseme kazi yahitaji saa 10 kwa kompyuta moja, na saa 1 kati ya hizo haiwezi kugawanywa. Basi hata ukileta kompyuta elfu, kazi haitamalizika chini ya saa 1. Ukiongeza mashine bila kufikiri, waongeza tu gharama ya umeme. Hekima hiyo ndiyo msingi wa mashindano tunayoyasimulia.

MASHINE ILIYOKAA GHALANI

Kabla ya wanafunzi kuingia, mtu mmoja alikuwa ameonyesha njia. Wu-chun Feng alikuwa akifanya kazi huko Los Alamos, Marekani. Kundi la kompyuta alilokuwa nalo liliwekwa katika ghala lenye vumbi, mahali palipo juu zaidi ya meta 2,200, na wakati wa kiangazi joto la humo lilifika karibu digrii 30. Kundi hilo liliharibika karibu kila juma. Mafundi husema ya kuwa kila joto likiongezeka kwa digrii 10, uharibifu huongezeka maradufu. Feng hakutaka kujenga nyumba ya kupozea. Mwaka 2002 alitengeneza kundi jingine lenye prosesa 240 za namna isiyo na haraka sana lakini yenye kula umeme kidogo. Akaliita Green Destiny. Lilikaa mahali pasipozidi sana nusu meta ya mraba, likatumia kadiri ya kilowati 3 mpaka 5, na katika ghala lile lile lenye vumbi lilifanya kazi karibu miaka 2 pasipo kuharibika.

Wengine waliicheka mashine hiyo, wakisema ya kuwa haina mbio. Feng hakukata tamaa. Tangu mwaka 1993 palikuwa na orodha ya mashine 500 zenye mbio kuliko zote duniani. Mwezi wa Novemba 2007 Feng na mwenzake Kirk Cameron wakatoa orodha ya pili, iitwayo Green500, ambayo hupanga mashine kwa kadiri ya kazi ifanywayo kwa kila wati moja. Tangu siku hiyo wenye mashine kubwa waliulizwa maswali mawili: Yaenda mbio kiasi gani? Na yala umeme kiasi gani?

MASHINDANO YAANZA

Mwezi huo huo wa Novemba 2007, katika mji wa Reno, jimbo la Nevada, ulifanyika mkutano mkuu wa mwaka wa wataalamu wa kompyuta kubwa. Brent Gorda, wa maabara ya Lawrence Livermore, alikuwa amefikiri jambo jipya: kuwaita wanafunzi ambao hawajapata shahada ya kwanza, wapambane mbele ya wakubwa wao. Timu sita zilikuja. Tano zilitoka Marekani na Kanada na moja Taiwan. Timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilishinda.

Masharti ya mashindano hayo yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna mafundisho. Timu ina wanafunzi sita. Makampuni huwaazima mashine, nao wanafunzi huchagua vyombo na kuviunganisha wenyewe. Mwalimu wao huwafundisha miezi mingi, lakini shindano likianza hana ruhusa ya kugusa kitu. Kazi huendelea karibu siku mbili, mchana na usiku, na wanafunzi hulala kwa zamu. Kazi nyingine hujulikana mapema, kama vile hesabu za kemia au za mikondo ya bahari; nyingine hufichwa mpaka siku yenyewe.

Sharti kubwa ni umeme. Katika miaka ya kwanza kila timu ilipewa wati 3,000 hivi, wala si zaidi. Kipimo hicho ni kama pasi moja ya umeme na birika moja la kuchemshia maji vikiwashwa pamoja. Saa ya kupimia umeme huwekwa mbele ya watu wote, na timu ikivuka mpaka huadhibiwa. Basi wanafunzi wapaswa kufikiri. Waweke prosesa nyingi ziendazo polepole, au chache ziendazo mbio? Wazime feni zipi? Wafanye kazi ipi kwanza na ipi usiku? Wengine wamekuja na mashine nzuri mno, kumbe hawawezi kuiwasha yote kwa mara moja.

Tena katika miaka ya baadaye waamuzi waliongeza jaribu jingine: saa isiyojulikana, umeme hukatwa makusudi kwa timu zote, na wanafunzi huonyesha jinsi watakavyoiokoa kazi yao na kuanza tena. Twafikiri msomaji wa Kolwezi atacheka kidogo hapa. Jaribu hilo, ambalo huko hutengenezwa kwa mafunzo, huku huletwa bure karibu kila juma. Mwanafunzi wa Kolwezi aliyejifunza kuihifadhi kazi yake kila dakika kumi, kwa kuogopa giza, tayari amejifunza somo moja la mashindano ya dunia.

WAGENI WASHINDA

Mwaka 2012 mashindano ya namna hiyo yalianza pia katika Ujerumani, mjini Hamburg, na mengine yakaanza Uchina. Mwaka 2013, yalipofanyika Leipzig, ilifika timu ambayo haikutazamiwa na watu wengi. Ilitoka Afrika Kusini, nayo ilitayarishwa na kituo cha taifa cha kompyuta kubwa kiitwacho CHPC, kilichoko Cape Town. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika. Mbele yao walikuwapo Wachina, Wamarekani na Wajerumani, wenye vyuo vinavyojulikana duniani pote. Vijana hao wa Afrika wakawashinda wote.

Wapo waliosema ni bahati. Mwaka 2014 Afrika Kusini ikashinda tena. Mwaka 2015 ikawa ya pili, nyuma ya Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Uchina. Mwaka 2016, mjini Frankfurt, ikawa ya kwanza. Mwaka 2017 ikawa ya pili. Mwaka 2019 ikawa ya kwanza mara nyingine. Bahati haiji kwa kufuata kalenda namna hiyo.

Siri yao ilikuwa nini? Hawakuwa na mashine zilizozidi za wengine, wala hawakutumia vijana wale wale kila mwaka mpaka wakazoea. Kila mwaka walifanya kwanza mashindano ya nyumbani. Timu za vyuo mbalimbali vya nchi zilikutana, nyingi zikiwa na wanafunzi wa miaka ya kwanza ya chuo ambao hawakuwa wamewahi kuona kundi la kompyuta. Walifundishwa, wakashindanishwa, na wale bora wakachaguliwa bila kuangalia jina la chuo. Wakati huo nchi yao nayo ilikuwa na shida ya umeme, na tangu mwaka 2008 watu walizoea kukatiwa kwa zamu. Hatusemi ya kuwa giza liliwapa ushindi. Kilichowapa ushindi ni mafunzo yaliyopangwa vizuri, yaliyofunguliwa kwa wengi, na kurudiwa kila mwaka.

Katika mashindano ya Leipzig ya mwaka 2014 likatukia jambo jingine la kukumbukwa. Katika sehemu ya kupima mbio peke yake, wanafunzi wa Edinburgh, Uskoti, walifikisha hesabu zaidi ya trilioni 10 kwa sekunde kwa kipimo kile kile cha wati 3,000. Tukumbuke ASCI Red ya mwaka 1996. Haikupita miaka 20, wanafunzi wakafanya kazi mara kumi ya ile kwa umeme usiofika sehemu moja katika 280.

KOMPYUTA ZA UBAO MMOJA

Hata hivyo, mashine za mashindano hayo ni ghali. Shule ya kawaida haiwezi kuzinunua. Lakini mwaka 2012 kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki, na sehemu zake zote zimo juu ya ubao mmoja. Ilitengenezwa makusudi ili watoto wajifunze kuandika programu. Mwaka huo huo Simon Cox, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Southampton, aliunganisha mbao 64 za namna hiyo kuwa kundi moja. Mtoto wake James, aliyekuwa na miaka 6, alisaidia kutengeneza kabati lake kwa vipande vya Lego vya kuchezea. Kundi zima liliwaka kwa soketi moja ya ukutani.

Mwaka 2017 hata Los Alamos, penye mashine kubwa kabisa, waliweka kundi la mbao 750. Sababu yake ilikuwa ya akili. Mafundi wa programu wanahitaji mahali pa kujaribia jinsi ya kuongoza mashine nyingi, lakini haifai kuwapa mashine ya megawati kadhaa wajifunzie. Kwa mbao ndogo makosa yao hayaleti hasara. Na tangu mwaka 2023 yameanzishwa, huko San Diego, California, mashindano ya wanafunzi ambayo makundi yote ni ya kompyuta za ubao mmoja. Mpaka wa umeme huko ni mdogo mara nyingi kuliko zile wati 3,000.

Tusidanganyike, lakini. Kundi la mbao ndogo haliwezi kushindana na mashine kubwa ya kisasa. Faida yake ni mafunzo. Kapita ni yule yule, kugawa kazi ni kule kule, na sheria ya Amdahl haibadiliki. Ajuaye kuongoza mbao nane vizuri amepita nusu ya njia ya kuongoza prosesa elfu nane.

NA SISI JE?

Mwaka 2015 Lualaba uliwekwa kuwa mkoa peke yake, na Kolwezi ukawa mji wake mkuu. Mji una chuo kikuu, una shule za ufundi, na vijana wake wametengeneza redio, simu na mitambo tangu zamani za Gécamines. Tufikiri, basi, shule tatu za mji huu zikiamua kushindana.

Kila shule yahitaji mbao nne, kadi nne za kumbukumbu, swichi moja ndogo ya kuunganishia nyaya, na kipimo cha wati. Ubao wa namna ya Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, ukifanya kazi kwa nguvu zake zote hauzidi kwa kawaida wati 10. Mbao nne basi ni wati 40, pungufu ya balbu moja ya zamani. Paneli ya jua na betri yaweza kuzitosha. Programu za Linux na zile za kugawa kazi hazilipiwi. Kazi ya kushindania yaweza kuwa ya hapa hapa: kupiga hesabu ya maji ya Lualaba yatakavyopanda wakati wa mvua, au kutafuta maji ya chini ya ardhi yaingiavyo shimoni, au kuchora ramani ya vumbi lichukuliwalo na upepo. Timu itakayotoa majibu sahihi mengi kwa kila wati ndiyo itakayoshinda. Mwalimu akae kando, mikono nyuma.

Kuna watakaouliza: Kwa nini kompyuta, na darasa halina madawati? Swali hilo ni la haki, wala hatulipuuzi. Dawati huja kwanza. Lakini tuangalie pia kinachotokea tukikaa tukingoja zawadi. Mwaka 2013 chuo kikuu cha Texas kiliizima mashine yake kubwa iitwayo Ranger, iliyokuwa na umri wa miaka 5 tu, na sehemu zake zikapelekwa Cape Town kwa nia ya kugawiwa vyuo vya Afrika Kusini, Tanzania na Botswana. Ilikuwa zawadi ya heshima na ya kufaa. Walakini mashine ya namna hiyo huja na njaa yake. Ikifika mahali pasipo umeme wa kutosha wala mafundi, hugeuka kuwa kabati. Mafundi hupatikana kwa kuanza na vidogo, kabla ya vikubwa kufika.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International lilieleza mbele ya dunia habari za watoto wanaochimba na kuosha mawe ya kobalti katika nchi yetu. Watu wa Kolwezi hawakuhitaji kuambiwa. Waliwaona watoto hao kila siku. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika Kolwezi mwaka 2012, walikuwa wamekwisha kuanza kuwakusanya na kuwafundisha kusoma bila malipo. Mtoto aliyebeba gunia la kobalti ameugusa mwanzo wa betri ya simu kuliko mtu yeyote wa London au Chicago. Si haki aijue kompyuta kwa uzito wa gunia tu. Ana haki ya kujua pia jinsi ifikirivyo.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, msiwaambie watoto ya kuwa mambo haya ni ya Wazungu na Wachina. Vijana wa Afrika Kusini walikwisha kulijibu neno hilo mara nne. Walimu, anzeni na mbao mbili, hata kama ni za kuazima, na mwandike kwa chaki ubaoni kila siku ni wati ngapi zilizotumika na ni kazi gani iliyofanyika. Nanyi wenye migodi na wenye umeme, mnaopitisha megawati juu ya vichwa vya watu, hamtapungukiwa na kitu mkizipa shule tatu wati 40 kila moja, ziwe za hakika, kutoka asubuhi mpaka jioni.